Kupima antibiotiki kwenye maziwa ya Masisi: vichupa vya bakteria, vijikaratasi, au sensa za mwanga?

MamaDepo (Goma, Katindo)

Wapendwa, nawasalimu wote. Naomba ushauri wa wenye ujuzi kabla hatujatoa pesa ya chama.

Sisi ni akina mama wa depo ya maziwa. Tunapokea maziwa ya Masisi, ya upande wa Kirotshe na Sake. Yanashuka alfajiri kwa pikipiki, tunayachanganya, mengine yanauzwa mabichi, mengine yanakuwa mashanza (maziwa ya mgando) na fromaji (jibini). Shida yetu ni hii: kuna siku mbegu ya kuchachusha haishiki. Maziwa yanakaa tu, matamu vilevile hadi jioni, au yanaganda legelege na maji yake hayachachi. Fromaji ya siku hiyo ukija kuikata ina vitundu kila mahali na harufu ya zizi. Usafi tunauangalia, vyombo tunavichemsha. Doktari mmoja wa mifugo akatuambia tutafute antibiotiki: mfugaji amemchoma ng'ombe sindano, na bado anakamua na kuleta.

Sasa tunataka kupima mlangoni kabla ya kumwaga bidoni, yaani madumu ya maziwa, kwenye tanki. Tumeletewa mapendekezo matatu. Kuna vichupa vya bakteria vinavyobadilika rangi. Kuna vijikaratasi vya mistari, kama vile vya kupima malaria, majibu dakika chache. Na kijana mmoja wa chuo anatuomba tungoje sensa za floresensi: unatia matone, unamulika taa, maziwa yenye dawa yanageuka rangi, na anasema zitakuwa za bei ndogo kuliko zote. Umeme kwetu hukatika. Friji ipo, ndogo. Mwenye kupima atakuwa binti aliyemaliza sekondari, section ya biolojia. Mngekuwa ninyi, mngechagua nini?

Veto_wa_Mlima (Masisi)

Mama, habari ya huko. Kabla ya kuchagua kipimo lazima tujue unatafuta dawa gani, maana hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kinachoona zote sawasawa.

Huku mlimani inayoongoza ni oksitetrasaiklini. Ng'ombe ana homa, ana kidonda mguuni, amekataa majani, mtu anakimbilia chupa ya asilimia 20. Ndigana baridi, ugonjwa wa kupe, inatibiwa nayo kweli, lakini watu wanaichoma hata kwa ndigana kali, ambayo dawa yake ni buparvakwoni. Ya pili ni ule mchanganyiko wa penisilini na streptomaisini. Ya tatu ni tyubu za kuingiza ndani ya chuchu kwa ugonjwa wa kiwele, nyingi ni kloksasilini au ampisilini. Sulfa ni zaidi kwa ndama, na maziwa ya ng'ombe mkubwa hayaguswi sana nayo.

Viwango vya juu vinavyoruhusiwa Ulaya kwenye maziwa ni hivi: penisilini G, ampisilini na amoksisilini mikrogramu 4 kwa kilo, kloksasilini 30, oksitetrasaiklini 100, streptomaisini 200. Codex, yaani viwango vya chakula vya kimataifa, nayo ina 4 kwa penisilini na 100 kwa tetrasaiklini. Kloramfenikoli, antibiotiki nyingine, haina kiwango chochote, imekatazwa kabisa kwa mnyama wa chakula.

Iangalieni vizuri hiyo 4. Miligramu 4 tu za penisilini zikienea katika lita 1,000 zimeshafika ukingoni. Ng'ombe mmoja aliyetiwa tyubu jana anatosha kuharibu tanki zima la depo, na wafugaji wengine wote walioleta maziwa mazuri wanaingia hasara pamoja naye.

FromajiBirere (Goma)

Na tukichemsha? Wateja wangu wote wanachemsha nyumbani.

Veto_wa_Mlima (Masisi)

Papa, kuchemsha kunaua vijidudu, dawa haiondoki. Sehemu kubwa ya penisilini na ya tetrasaiklini inabaki palepale, na hapa Goma tulivyo juu, mita 1,500 hivi, maji yanachemka kwenye 95°C tu. Mwenye mzio wa penisilini atadhurika na maziwa yaliyochemshwa kama angedhurika na mabichi.

TaaYaBuluu (Bukavu)

Mama, huyo kijana wa chuo hayuko peke yake, mimi nasimama upande wake.

Floresensi ni hivi: kuna vitu ambavyo ukivimulika kwa mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana kwa macho, vinarudisha mwanga wa rangi. George Gabriel Stokes ndiye aliyeupa jina hilo mwaka 1852. Sensa ya antibiotiki ni kitu kinachong'aa hivyo, na dawa ikikifikia inakizima, au inakiwasha, au inakigeuza rangi. Nukta za kaboni kwa mfano ni chembe za nanomita chache. Zinapikwa kwa asidi ya sitriki na urea ndani ya oveni, zinatoka zinang'aa buluu. Tetrasaiklini inameza sana mwanga wa karibu nanomita 360, mwanga uleule ambao nukta zinauhitaji ili zing'ae. Ikiwemo kwenye maziwa inaumeza kwanza, na buluu inafifia.

Nzuri zaidi ni europiamu, aina ya metali. Ayoni yake ikiwa peke yake majini inang'aa kidogo mno, huwezi kuiona. Tetrasaiklini ikishikana nayo, inakusanya mwanga na kuupitisha kwake, na europiamu inatoa nyekundu safi ya nanomita 616 hivi. Ukiweka nukta za buluu na europiamu katika kichupa kimoja, sampuli safi inabaki buluu, yenye dawa inaenda zambarau mpaka nyekundu. Simu inapiga picha, programu inalinganisha nyekundu na buluu. Terbiamu, metali ndugu yake, inafanya kazi ileile kwa antibiotiki ya siprofloksasini, ila yenyewe inatoa kijani, nanomita 545.

Vitu hivi vinaweza kutengenezwa katika maabara za vyuo vyetu wenyewe. Kwa nini tuendelee kuagiza maboksi ya ng'ambo yanayofika yakiwa yamebakiza muda mfupi?

Mkemia_Himbi (Goma)

Ndugu wa Bukavu, umeeleza vizuri, na europiamu naiheshimu kama wewe. Lakini mama anatafuta kitu cha kumpa binti asubuhi, mwenye pikipiki amesimama mlangoni anangoja jibu. Kwa hiyo niruhusu niweke mambo kadhaa mezani.

Kwanza, vizio. Makala za sensa zinaandika nanomola, yaani zinahesabu molekuli, kiwango kinaandikwa kwa mikrogramu, yaani uzito. Geuza kwanza, ufurahi baadaye. Uzito wa molekuli wa oksitetrasaiklini ni 460, kwa hiyo mikrogramu 100 kwa lita ni nanomola 217. Sensa inayoanza kuona kwenye nanomola 50 inatosha, tena ina nafasi. Penisilini G ina 334. Mikrogramu 4 kwa lita ni nanomola 12 basi. Sensa ileile ya 50 ingepitisha maziwa yenye penisilini mara nne ya kiwango, na skrini ikasema safi. Halafu maziwa mara nyingi yanazimuliwa mara kumi kabla ya kumulikwa ili yasisumbue. Hapo ile 217 imeshuka kuwa 22, na 12 imekuwa moja na kidogo.

Pili, maziwa yenyewe. Weupe wake ni mafuta na kazeini (protini ya maziwa) zinazotawanya mwanga kila upande. Ndani yake mna riboflavini (vitamini B2), nayo inang'aa kijani kwenye nanomita 525 hivi bila dawa yoyote. Na tetrasaiklini inapenda kalisi na protini, vitu ambavyo maziwa yamejaa: ukigandisha protini ovyo, dawa inatoka pamoja na mashapo, unabaki kupima maji matupu. Makala ikisema "dakika tano", nenda usome sehemu ya kuandaa sampuli. Utakuta asidi ya kugandisha protini, sentrifuji (mashine ya kuzungusha ili mashapo yajitenge), chujio, kisha kurudisha pH, kipimo cha uchachu, mahali pake. Dakika tano zinahesabiwa baada ya hayo yote.

Tatu, sensa zinazofanya kazi kwa kufifia. Hizi sizitaki mlangoni pa mtu. Kila kitu kinachopunguza mwanga kinajifanya antibiotiki: chuma kutoka kwenye chombo chenye kutu, shaba, uchafu, hata kichupa chenye alama za vidole. Mfugaji anarudishiwa maziwa yake kwa ajili ya kutu. Sensa inayowaka naiamini zaidi, kwa sababu uchafu hauwezi kuleta ile nyekundu ya 616. Kuna faida nyingine ya europiamu ambayo hukuitaja. Mng'ao wa maziwa unazimika ndani ya nanosekunde chache, wa europiamu unaendelea makumi ya mikrosekunde na zaidi. Kifaa kinachosubiri kidogo kabla ya kusoma kinaona europiamu peke yake, maziwa yameshanyamaza. Ila kifaa hicho si simu.

Na kama kuna atakayemletea mama nukta za kwanta, chembe nyingine ndogo mno zinazong'aa, zile zilizowapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023, amwulize kwanza zimetengenezwa na nini. Nyingi zinazong'aa vizuri zina kadimiamu, metali yenye sumu, na kadimiamu haina nafasi kwenye meza ya maziwa.

Baada ya kusema hayo yote, jambo ambalo nataka mama alishike ni hili. Bakteria wa kwenye vichupa anaitwa Geobacillus stearothermophilus. Penisilini kidogo tu inamzuia, karibu na ile 4. Kwa tetrasaiklini ni mgumu: vichupa vya aina nyingi vinaiona ikiwa imeshapita 100 kwa mbali. Na Veto ametuambia Masisi wanachoma nini zaidi. Ukinunua vichupa peke yake unaacha wazi mlango uleule unaopitiwa sana. Sensa ya europiamu ni kinyume chake: penisilini haiioni hata kidogo, tetrasaiklini inaiona vizuri. Kwa hiyo swali la kipi kinashinda kingine tuliache. Tuulize kila kimoja kinaziba pengo gani.

TaaYaBuluu (Bukavu)

Mkubwa, nakubali hesabu ya penisilini. Kwa penisilini ningesema aptama (vipande vya DNA vinavyonasa dawa) au kingamwili zilizobebeshwa chembe zinazong'aa, lakini hiyo si kazi ya mlangoni kwa sasa. Kuhusu kuandaa sampuli, europiamu haihitaji sentrifuji kila mara. Asidi ya trikloroasetiki inagandisha protini, karatasi ya chujio inatosha ukiwa na subira, unarudisha pH hadi 8 hivi, unaongeza sitreti ili europiamu isizungukwe na maji yanayoizima. Hiyo nimeiona kwa macho yangu, nyekundu inaonekana gizani bila kifaa.

Mkemia_Himbi (Goma)

Gizani nakubali. Ila uliiona kwa kiasi gani cha dawa? Kuona kwa macho mikrogramu 1,000 ni rahisi. Swali ni 100.

TaaYaBuluu (Bukavu)

Kwa macho, juu ya 100. Kwa simu ndani ya boksi jeusi unakaribia hapo.

LaborantiniLushi (Lubumbashi)

Nimefanya kazi na vichupa na vijikaratasi pia, kwa hiyo nizungumzie uendeshaji wa kila siku, maana ndiko vipimo vingi vinakofia.

Kichupa kina agari, mbegu za yule bakteria, na rangi ya bromokresoli. Unatia maziwa kidogo, mililita 0.1 hivi, unakiweka kwenye kisanduku cha joto cha 64°C, unangoja muda wa saa tatu kama hivi. Bakteria akikua anatoa asidi, zambarau inageuka manjano: maziwa hayana kizuizi. Ikibaki zambarau, kuna kitu kimemzuia. Uzuri wake ni kwamba anazuiwa na dawa za familia nyingi, si mbili tu, na ukiwa na sampuli nyingi kwa pamoja gharama ya kila moja inakuwa ndogo. Ubaya kwa mama ni saa tatu zenyewe. Maziwa ya Masisi yamesafiri bila barafu, ukiyasimamisha tena saa tatu mlangoni yameshaanza kuchacha kwa sababu zake yenyewe. Na umeme: kisanduku kikipoa katikati ya safari, bakteria anachelewa kukua, kichupa kinabaki zambarau, na unamkataa mtu ambaye maziwa yake ni mazuri. Joto likipanda kupita kiasi mambo yanaharibika pia. Kwa hiyo vichupa vinahitaji betri au chupa nzuri ya kutunza joto na mtu wa kusoma kipimajoto.

Vijikaratasi vinatoa jibu ndani ya dakika 5 hadi 10. Usomaji wake unachanganya wageni: dawa ikiwepo, mstari unafifia au unapotea. Mstari mkali ni habari njema. Mfundishe binti jambo hilo siku ya kwanza na ulibandike ukutani, kwa sababu amezoea vipimo vya hospitali ambako mstari ukitokea ndipo una ugonjwa. Chukua aina yenye mistari miwili ya dawa, mmoja wa familia ya penisilini na mmoja wa tetrasaiklini. Aina nyingi zinatunzwa kwenye friji, 2 hadi 8°C, nyingine zinavumilia joto la chumba; soma boksi kabla ya kulipa. Kuna zinazotaka kisanduku kidogo cha kupasha moto, kuna zisizotaka. Kila kijikaratasi ni dola chache, na hapo ndipo maumivu yalipo ukiwa na bidoni nyingi.

Na niongeze kwa ndugu wa floresensi: kuna vijikaratasi ambavyo badala ya chembe za dhahabu vina chembe za europiamu, na kuna kisomaji kidogo cha mezani kinachokupa namba badala ya mstari wa kubishania. Hiyo ndiyo sura ambayo floresensi imeshaingia nayo sokoni. Lakini kisomaji ni ghali, na depo moja peke yake isikinunue.

FromajiBirere (Goma)

Mimi sina chochote cha hivyo na nimepima siku zote. Chukua maziwa ya kila bidoni kikombe kimoja. Weka na kikombe cha ng'ombe wako mwenyewe ambaye unajua hajachomwa. Pasha vyote karibu kuchemka, poza mpaka kidole kinavumilia, tia mbegu ya yoghuti ya kiasi kilekile, funika pamoja kwenye blanketi. Kufikia mchana kikombe safi kimekaza na kinachacha. Kile kilichobaki maji, mwenye bidoni yake unamjua. Bei yake ni kijiko cha yoghuti.

Veto_wa_Mlima (Masisi)

Papa, kipimo chako ni cha kweli, na wadudu wa yoghuti, hasa Streptococcus thermophilus, wanaogopa penisilini sana. Kwa tetrasaiklini si wepesi hivyo, lakini penisilini hawaisamehe.

Kuna hatua moja kwenye maelezo yako ambayo watu wataipuuza, na ndiyo inayokifanya kiwe cha haki: kupasha moto kwanza. Maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi na ya mwenye ugonjwa wa kiwele yana vizuizi vyake vya asili, laisozaimu na laktoferini, ambavyo vinazuia bakteria bila antibiotiki yoyote. Ukiyaweka kwenye zaidi ya 80°C kwa dakika kumi vizuizi hivyo vinakufa, dawa inabaki. Asiyepasha atawalaumu wafugaji bure. Tena vikombe visuuzwe vizuri. Masalio ya javeli, dawa ya kusafishia, yanafanya vilevile.

Upungufu wake ni muda. Kufikia mchana maziwa ya mama yameshamwagwa kwenye tanki.

MamaDepo (Goma, Katindo)

Aksanti sana, aksanti. Nimeita na wenzangu tunasoma wote. Swali dogo kwa Mkemia: mtoto wa dada yangu anabadilisha dola karibu na Rond-point Instigo, ana ile taa ya kuangalia noti. Taa hiyo inaweza kumulika sensa, au lazima tununue nyingine?

Mkemia_Himbi (Goma)

Mama, inategemea ni taa ipi. Mwombe aimulike noti ya dola 100 chumbani mwenye giza: uzi wake unapaswa kuonekana wa pinki. Taa za bei ndogo nyingi ni za nanomita 395, zinatoa na zambarau nyingi inayoonekana. Nzuri zaidi kwa nukta za kaboni ni 365. Lakini muungano wa europiamu na tetrasaiklini unapokea mwanga vizuri karibu na 400, kwa hiyo kwa kazi hiyo ya 395 haifai kudharauliwa. Tatizo lake ni ile zambarau kuingia kwenye picha. Weka plastiki nyekundu mbele ya lenzi ya simu. Zambarau inazuiwa, kijani cha riboflavini kinazuiwa, nyekundu ya europiamu inapita. Boksi la katoni lipakwe rangi nyeusi ndani, liwe na tundu moja la simu na moja la taa, na simu na taa visisogee kati ya sampuli na sampuli. Zima marekebisho ambayo simu inajifanyia yenyewe, la sivyo kila picha inakuja na mwanga wake. Na binti asiiangalie taa moja kwa moja, avae miwani ya kukinga.

Mfugaji_Kirotshe

Nimesoma yote kimya, sasa na mimi niseme. Mnazungumzia vipimo vya depo, hakuna aliyeuliza maziwa yakikataliwa nani anakula hasara. Niliwahi kurudishiwa bidoni yangu na mnunuzi mmoja kwa kuambiwa ina dawa, sikuonyeshwa kipimo, sikuonyeshwa mstari, na ng'ombe wangu hawakuwa wamechomwa. Maziwa yangu yalichanganywa njiani na ya watu wengine na mwenye pikipiki. Mama, ukipima kilichochanganywa, unamwadhibu asiye na kosa.

Na kitu kingine. Aliyetuuzia dawa sokoni hasemi tungoje siku ngapi. Chupa imeandikwa kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza au Kifaransa. Mtu ana ng'ombe wawili, mmoja mgonjwa, na watoto wanangoja pesa ya shule. Mwambie amwage maziwa ya wiki nzima bila kumweleza kwa nini, hatakusikia.

Veto_wa_Mlima (Masisi)

Yaya, una haki. Lebo za oksitetrasaiklini ya muda mrefu mara nyingi zinaandika siku 7 za kungoja kwa maziwa, nyingine zaidi, na kuna dawa zilizoandikwa zisitumiwe kabisa kwa ng'ombe anayekamuliwa maziwa ya watu. Kila chupa na yake. Mimi nikichoma, namfunga ng'ombe kamba nyekundu mguu wa nyuma, na naandika kwa mkaa kwenye nguzo ya zizi tarehe ya kukamua tena. Mtoto anayekamua anaiona hata kama baba hayupo. Maziwa ya siku hizo sikushauri umpe ndama ovyo pia, yanavifundisha vijidudu vyake kuzoea dawa.

MamaDepo (Goma, Katindo)

Papa wa Kirotshe, maneno yako yametugusa. Hapa tumekubaliana: kila mfugaji atakuwa na bidoni yake yenye alama, mwenye pikipiki haruhusiwi kuunganisha, na kila bidoni tutachota kichupa kidogo chenye jina, kinakaa kwenye friji hadi kesho yake. Atakayekataliwa atapimiwa tena mbele yake kutoka kichupa chake.

Pesa haitoshi kijikaratasi kwa kila bidoni. Tukichota kidogo kidogo kwa bidoni tano na kupima mchanganyiko, tunakosea?

LaborantiniLushi (Lubumbashi)

Hamkosei mkijua mnachokipoteza. Bidoni yenye penisilini mara kumi ya kiwango, ikichanganywa na nne safi, bado iko mara mbili, mstari utafifia na mtarudi kupima moja moja. Bidoni iliyo juu kidogo tu ya 4 itapita, lakini na tanki lenu likiwa na uwiano huohuo litakuwa chini ya 4. Hatari iko kwa anayeuza bidoni ile peke yake bila kuichanganya. Kwa hiyo yanayouzwa mabichi moja kwa moja, bidoni kwa bidoni, pimeni kila moja. Ya kwenda kwenye fromaji yapimwe kwa makundi, na vikombe vya Papa wa Birere viendelee kila siku kama shahidi wa pili.

Mkemia_Himbi (Goma)

Naunga mkono. Ndugu wa Bukavu aje na europiamu yake mkishaanza, apime vile vichupa vyenu vya friji sambamba na mstari wa tetrasaiklini wa kijikaratasi. Zikikubaliana kwa muda wa kutosha, mstari huo mnaweza kuupunguza na taa ikachukua kazi yake, mkabaki mnanunua vya penisilini tu. Pakitokea ubishi mkubwa, sampuli iende kwenye maabara yenye kromatografia na spektrometa ya masi, ambayo inataja dawa kwa jina na kiasi. Safirisheni iliyogandishwa, haraka, maana penisilini inavunjika polepole hata kwenye friji.

TaaYaBuluu (Bukavu)

Nitavuka ziwa na boksi langu, mama akinikaribisha. Ila tutahitaji maziwa ya kulinganisha yenye kiasi kinachojulikana. Kipimo chochote mtakachonunua, bila hayo hamtajua kama kinafanya kazi.

MamaDepo (Goma, Katindo)

Karibu sana mwanangu. Hayo maziwa ya kulinganisha tunayapata wapi?

Mkemia_Himbi (Goma)

Mnayatengeneza. Chupa ya oksitetrasaiklini ya asilimia 20 ina miligramu 200 kwa mililita. Vuta mililita 1 kwa sindano, tia kwenye maji safi mpaka lita 1, koroga. Chota mililita 10 za hayo, tia kwenye maji mengine mpaka lita 1. Sasa mna miligramu 2 kwa lita. Chukua mililita 5 za maji haya ya pili, changanya na mililita 95 za maziwa ya ng'ombe ambaye Veto anathibitisha hajaguswa na dawa. Hapo mna mikrogramu 100 kwa lita, ukingo wenyewe. Mililita 10 kwa 90 zinawapa mara mbili. Na msisahau kikombe cha maziwa yaleyale bila kitu.

Mpe binti vikombe vitatu bila kumwambia kipi ni kipi. Akivitambua, kipimo na macho yake viko sawa. Rudieni kila boksi jipya likifika na kila friji ikilala bila umeme.

MamaDepo (Goma, Katindo)

Yale maji ya dawa tunaweza kuyatunza kwa wiki ijayo?

Mkemia_Himbi (Goma)

Hapana, mama. Tetrasaiklini inaharibika kwenye mwanga, tengenezeni upya siku ileile, na chombo kifunikwe. Yaliyobaki pamoja na maziwa ya majaribio tieni rangi ya chakula, buluu au nyekundu, ili asiwepo wa kuyadhania ya kunywa, kisha yaende kwenye shimo la choo, mbali na mtaro na mbali na ndama.

Mfugaji_Kirotshe

Mkianza, nileteeni habari. Maziwa ya kulinganisha nitatoa mimi, Veto aje aangalie zizi langu kwanza.